Tathmini ya SoftHSM 2: hifadhi ya funguo za siri inayoendeshwa kwa mstari wa amri

Katika ofisi nyingi ninazozifahamu, ufunguo wa siri unaotumika kusaini ujumbe wa malipo au taarifa za seva hukaa kama faili la kawaida ndani ya folda ya mradi, na nywila yake huandikwa ndani ya msimbo wa programu ile ile inayoutumia. Mtu anapohama kazi huondoka na nakala kwenye kompyuta yake mpakato, nakala nyingine hubaki kwenye hifadhi ya msimbo, na ya tatu hubaki kwenye barua pepe iliyotumika kuutuma ufunguo huo siku ya kwanza. SoftHSM ni programu huria inayoweza kuvunja mazoea hayo bila kumlazimisha mtu kununua kifaa chochote. Nimeitumia kwa muda mrefu kwenye seva za Debian, na naona inastahili tathmini ya kina kwa sababu wapo wanaoipa sifa ya usalama isiyokuwa nayo, na wapo wanaoidharau bila kujua iliundwa kwa kazi gani.

Ili kuielewa ni lazima kwanza kufahamu kitu kinachoigizwa. HSM ni kifaa cha maunzi kinachotunza funguo za siri ndani yake na kufanya kazi ya kusaini au kusimbua humo humo, hivi kwamba programu hupeleka data na kurudishiwa saini, lakini ufunguo wenyewe hautoki nje. Mfano unaojulikana duniani ni ufunguo mkuu wa DNSSEC (utaratibu wa kusaini taarifa za majina ya intaneti ili zisighushiwe) wa mzizi wa mfumo huo wa majina. Mzizi ulisainiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2010, na ufunguo wake mkuu hutunzwa kwenye vifaa vya aina hiyo katika vituo viwili nchini Marekani, kimoja Culpeper, Virginia, na kingine El Segundo, California. Programu huzungumza na vifaa hivyo kwa kiwango kiitwacho PKCS#11, kilichoanzishwa na maabara ya RSA katika miaka ya 1990 na ambacho sasa kiko chini ya shirika la viwango la OASIS. SoftHSM inatekeleza kiwango hicho hicho kwa programu tupu: kwa mtazamo wa mfumo unaoiita, kuna kifaa chenye sloti (nafasi ya kuchomeka), tokeni (hifadhi ya funguo) ndani ya sloti, na PIN ya kuingilia, ilhali kilichopo kwa kweli ni folda yenye mafaili yaliyosimbwa.

Chimbuko lake ni mradi wa OpenDNSSEC, ambao uliandika programu ya kusaini kanda za majina ya intaneti, yaani makundi ya majina yanayosimamiwa pamoja, kwa kutegemea PKCS#11 pekee. Kwa kuwa si kila msimamizi wa kanda angeweza kununua kifaa, ilibidi kuwe na mbadala wa programu, na mbadala huo baadaye ukaanza kutumika mbali na DNSSEC. Toleo la kwanza lilitegemea maktaba ya usimbaji ya Botan; toleo la pili, ambalo ndilo ninalolitathmini hapa, linaweza kujengwa juu ya OpenSSL au Botan, na linatolewa kwa leseni ya BSD. Mfumo wa FreeIPA, unaosimamia watumiaji na seva za taasisi, hulitumia kutunza funguo zake za DNSSEC, na wanaofundisha Hyperledger Fabric, mfumo wa blockchain, hulitumia kwa majaribio. Nililolifanyia kazi ni toleo 2.6.1 la Aprili 2020, linalosambazwa pamoja na Debian 12.

Usakinishaji hauna taabu. Amri ya `sudo apt install softhsm2 opensc gnutls-bin` inaleta SoftHSM pamoja na zana mbili ambazo, kwa maoni yangu, hazitenganishiki nayo, nazo ni `pkcs11-tool` na `p11tool`. Hatua inayowakwamisha wengi ni ile inayofuata. Kwenye Debian, faili la mipangilio na folda ya tokeni ni mali ya kikundi cha `softhsm`, na mtumiaji asiyekuwa mwanachama wa kikundi hicho akijaribu amri yoyote huambiwa tu kwamba moduli ya PKCS#11, yaani faili la maktaba ya SoftHSM, imeshindwa kuanza na kwamba aangalie kumbukumbu za mfumo. Ujumbe huo hausemi kabisa kwamba tatizo ni ruhusa. Suluhisho ni kumwongeza mtumiaji kwenye kikundi, au, jambo ambalo mimi hulipendelea kwa majaribio, kuandika faili dogo la mipangilio ndani ya folda binafsi na kulielekeza kwa kigezo cha mazingira cha `SOFTHSM2_CONF`. Mstari mmoja tu ndani ya faili hilo, `directories.tokendir`, unatosha kuanzia, mradi folda inayotajwa iwe ipo tayari.

Tokeni huanzishwa kwa amri ya `softhsm2-util --init-token --free --label majaribio`. Programu huomba PIN mbili. Ya kwanza ni ya ofisa usalama, ya pili ni ya mtumiaji wa kila siku, na kila moja inaweza kuwa na herufi kati ya 4 na 255. Ofisa usalama hawezi kusaini kwa funguo za mtumiaji, lakini anaweza kumwekea mtumiaji PIN mpya, kwa hiyo kiutendaji mwenye PIN ya ofisa usalama ana njia ya kuzifikia funguo zote. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona maelekezo mengi yanayoweka PIN ile ile mahali pote pawili, na kwa kufanya hivyo yanaondoa maana yote ya kuwa na majukumu mawili. Ndani yake, data za siri husimbwa kwa ufunguo wa AES wa biti 256, na ufunguo huo husimbwa mara mbili, mara moja kwa kila PIN. Zikipotea zote mbili hakuna mlango wa tatu.

Vilevile PIN zinaweza kuandikwa moja kwa moja kwenye amri kwa `--pin` na `--so-pin`, na miongozo karibu yote huonyesha hivyo kwa sababu ni rahisi kunakili. Ukifanya hivyo, PIN hubaki kwenye historia ya amri, na wakati amri inapoendelea mtumiaji mwingine wa seva hiyo anaweza kuiona kwa kuorodhesha michakato inayoendeshwa. Ukiacha kuziandika, programu itaziuliza yenyewe bila kuzionyesha kwenye kioo. Kwa hati za kiotomatiki, `pkcs11-tool` inakubali kusoma PIN kutoka kwenye kigezo cha mazingira, na huo ni utaratibu wenye nafuu.

Mara tu tokeni inapoanzishwa, programu hutangaza kwamba imehamishiwa sloti yenye namba ndefu isiyokumbukika. Namba hiyo hutokana na namba ya utambulisho ya tokeni, kwa hiyo haibadiliki maadamu tokeni ni ile ile, lakini ukiifuta na kuianzisha upya utapata nyingine. Anayeandika namba ya sloti ndani ya mipangilio ya mfumo wake anajitafutia usumbufu wa baadaye. Inafaa zaidi kuitambua tokeni kwa jina lake kila mahali panaporuhusu.

Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba `softhsm2-util` haizalishi funguo. Inaanzisha tokeni, inaonyesha sloti, inaingiza ufunguo uliopo, inafuta tokeni, na kazi yake inaishia karibu hapo. Kuzalisha jozi ya funguo ni kazi ya zana nyingine, kwa mfano `pkcs11-tool --module /usr/lib/softhsm/libsofthsm2.so --token-label majaribio --login --keypairgen --key-type EC:prime256v1 --id 01 --label saini`. Mwanzoni mgawanyo huu huonekana kama upungufu, lakini nimekuja kuuona kuwa ni faida, kwa kuwa amri hiyo hiyo, kwa kubadilisha njia ya moduli tu, itafanya kazi kwenye kifaa halisi kinachozungumza PKCS#11. Anayeizoea leo kwenye SoftHSM hajifunzi programu moja peke yake, bali anajifunza utaratibu mzima wa kazi hii.

Orodha ya vilivyomo kwenye tokeni, inayopatikana kwa kuongeza `-O` badala ya maelekezo ya kuzalisha, inastahili kusomwa kwa utulivu. Ufunguo wa siri uliozalishwa ndani ya tokeni huonyeshwa na sifa zinazosema kwamba ni wa siri, umekuwa wa siri tangu mwanzo, hautolewi nje, na umezaliwa hapo hapo. Ufunguo ulioingizwa kutoka nje huonyeshwa kuwa ni wa siri, lakini sifa ya kuwa wa siri tangu mwanzo na ile ya kuzaliwa hapo hazionekani. Kwa mkaguzi wa mifumo, tofauti hiyo ya maneno machache ni ushahidi mkubwa: ufunguo wa aina ya pili uliwahi kuishi kama faili mahali fulani, na ni lazima iulizwe faili hilo liko wapi leo.

Kuingiza ufunguo wa zamani ndiko kunakohitajika zaidi katika mazingira yetu. Nchini Tanzania, kwa mfano, mifumo inayounganishwa na GePG, lango la malipo ya serikali, husaini kila ujumbe wa XML kwa ufunguo wa RSA. Funguo za kazi kama hiyo mara nyingi hufika mikononi mwa fundi zikiwa ndani ya faili la .pfx pamoja na cheti chake, na SoftHSM hailisomi faili la aina hiyo moja kwa moja. Inahitaji ufunguo uwe katika muundo wa PKCS#8. Hatua ya kati hufanywa kwa OpenSSL: `openssl pkcs12 -in cheti.pfx -nocerts -out ufunguo.pem`. Kwenye OpenSSL 3, mafaili ya .pfx yaliyotengenezwa kwa usimbaji wa zamani hukataliwa mpaka uongeze neno `-legacy`, jambo ambalo limewafanya watu wengi wadhani nywila waliyopewa ina makosa. Miongozo mingi huongeza pia `-nodes` ili ufunguo utoke bila usimbaji wowote, na mimi sioni sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa `softhsm2-util --import ufunguo.pem --file-pin ... --token majaribio --label malipo --id 02` inaweza kusoma faili lililosimbwa. Nywila ya faili hilo iwe ya muda, tofauti na nyingine zote, kwa sababu safari hii lazima iandikwe kwenye amri. Kinachobaki ni kulifuta faili la kati, kisha kuhakikisha .pfx ya asili inahamishiwa mahali pasipofikiwa na seva. Asiyetekeleza hilo la mwisho ameongeza nakala moja ya ufunguo wake, hajapunguza hata moja.

Kwa wanaotumia Java, kuna mtego mmoja ambao ningependa wauepuke. Kiunganishi cha SunPKCS11 hakitauonyesha ufunguo wa siri kwenye hifadhi yake ya funguo ikiwa hakuna cheti chenye kitambulisho kile kile ndani ya tokeni. Ufunguo upo, `pkcs11-tool` inauona, lakini programu ya Java inasema hifadhi ni tupu. Cheti huongezwa kwa `pkcs11-tool --module /usr/lib/softhsm/libsofthsm2.so --token-label majaribio --login --write-object cheti.der --type cert --id 02`, na namba ya kitambulisho ikilingana, kila kitu hujitokeza. Watumiaji wa SSH wana njia nyepesi zaidi: `ssh-keygen -D` ikifuatiwa na njia ya moduli huchapisha ufunguo wa umma ulio kwenye tokeni, tayari kubandikwa kwenye seva ya mbali.

Sasa niseme wazi mahali ambapo SoftHSM haiwezi kulinganishwa na kifaa. Kila tokeni ni folda, na ndani yake kila ufunguo ni faili. Kufanya nakala rudufu kunahitaji amri moja ya `tar`, jambo linalomfurahisha msimamizi, lakini urahisi huo huo anao mwizi. Kifaa halisi hujifunga baada ya PIN kukosewa mara kadhaa. SoftHSM huweka alama tu kwamba PIN imekosewa na kuendelea kupokea majaribio, na hata ingejifunga isingesaidia, kwani aliyenakili folda atajaribu kwenye kompyuta yake mwenyewe. PIN ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000 tu, na kwa kompyuta ya leo idadi hiyo ni ndogo mno. Kwa hiyo ile PIN ya 1234 inayoonekana kwenye kila mfano haipaswi kukaribia seva ya kazi. Panapohitajika PIN ya SoftHSM, weka kaulisiri ndefu ya nasibu, maana nafasi ya herufi 255 ipo.

Udhaifu wa pili ni wa kimuundo na huzungumzwa mara chache zaidi. SoftHSM ni maktaba inayopakiwa ndani ya programu inayoitumia, si mchakato unaojitegemea. Seva ya wavuti ikiomba saini, ufunguo hufunguliwa ndani ya kumbukumbu ya seva hiyo hiyo ya wavuti. Hitilafu ya Heartbleed ya mwaka 2014, iliyokuwa ndani ya OpenSSL, ilionyesha jinsi kumbukumbu ya mchakato unaohudumia watu wa nje inavyoweza kuvuja nje, na katika hali kama hiyo SoftHSM yenyewe haimlindi mtu kuliko faili la kawaida lingemlinda. Hata hivyo kuna tiba nzuri ambayo naishauri kwa kila anayeitumia kwa kazi halisi: `p11-kit server`. Amri hii huiendesha moduli kwenye mchakato wake, chini ya mtumiaji wake, na kufungua soketi ambayo programu nyingine hupitia kwa moduli ya `p11-kit-client.so`. Mtumiaji anayeendesha seva ya wavuti hapewi ruhusa yoyote kwenye folda ya tokeni. Anachoweza ni kuomba saini tu. Akivamiwa, mvamizi ataweza kuomba saini kwa muda atakaokuwamo, na hilo ni baya, lakini hataondoka na ufunguo. Tofauti kati ya hali hizo mbili, siku ya kuandika ripoti ya tukio, ni kubwa sana.

La tatu ni amri ya `softhsm2-util --delete-token --token majaribio`. Haiulizi PIN, haiulizi kama una hakika. Yeyote mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda hiyo anaweza kuzifuta funguo zote kwa mstari mmoja, na mbele ya mfumo wa mafaili hakuna PIN inayoweza kumzuia. Natamani waandaaji wangeweka angalau swali moja la uthibitisho. Mpaka hapo watakapofanya hivyo, nakala rudufu ya folda nzima, iliyotunzwa mbali na PIN zake, ni sehemu ya usakinishaji na haifai kuachwa kwa ajili ya baadaye.

Nyaraka zake ni fupi, na ni sahihi kwa yale zinayoyagusa. Kurasa za mwongozo za `softhsm2-util` na `softhsm2.conf` zinasomeka kwa kikao kimoja, na mipangilio yote haizidi mistari michache, na mikuu ni hii: mahali pa tokeni, aina ya hifadhi, yaani mafaili au SQLite, kiwango cha kumbukumbu, na algoriti zinazoruhusiwa. Kile cha mwisho, `slots.mechanisms`, kinafaa kutumiwa zaidi ya kinavyotumiwa sasa, kwani kinakuwezesha kuzima algoriti ambazo kifaa utakachonunua baadaye hakitazikubali, na hivyo kugundua mapema ni mfumo upi unaozitegemea. Kinachokosekana ni maelezo ya namna ya kuitumia kwa usalama: hakuna ukurasa unaomwambia mgeni habari za ruhusa, za kaulisiri ndefu wala za kutenganisha michakato.

Nani basi aitumie? Anayeandika programu itakayokuja kutumia HSM anaihitaji bila mjadala, kwa sababu inamruhusu kujaribu kila kitu kwenye kompyuta yake na kwenye mitambo ya majaribio ya kiotomatiki. Taasisi ndogo inayosaini kanda yake ya majina ya intaneti, au inayosaini ujumbe kati ya mifumo ya ndani, inaweza kuitumia kwa kazi halisi endapo itafuata masharti niliyoyataja. Kwa kusaini programu zinazosambazwa kwa umma haifai hata kwa muda, kwani masharti ya CA/Browser Forum, jumuiya ya watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari, yaliyoanza tarehe 1 Juni 2023 yanataka ufunguo wa siri wa cheti cha kusaini programu uwe ndani ya maunzi yaliyothibitishwa kwa FIPS 140-2 (masharti ya Marekani ya usalama wa vifaa vya usimbaji) kiwango cha 2 au kiwango kinacholingana nacho. Na kabla ya kukata tamaa kwa bei za HSM za aina inayounganishwa kwa mtandao, zinazofikia maelfu ya dola, inafaa kukagua kama seva iliyopo tayari ina chipu ya usalama ya TPM 2.0, kwani moduli ya `tpm2-pkcs11` huitumia chipu hiyo kwa kiwango kile kile cha PKCS#11, na vifaa vidogo vya USB kama Nitrokey HSM 2 na YubiHSM 2 viko chini ya bei hizo kwa mbali.

Anayepanga kuhamia kwenye kifaa cha namna hiyo ajue mapema kwamba ufunguo uliozalishwa ndani ya SoftHSM kwa utaratibu wa kawaida hautolewi nje, kwa hiyo hauwezi kupelekwa kwenye kifaa. Kinachoweza kuhamishwa ni folda nzima, na kinakokwenda ni kwenye SoftHSM nyingine. Siku ya kuhama utazalisha ufunguo mpya ndani ya kifaa, utaomba cheti kipya, na kwa kipindi fulani wanaothibitisha saini zako watalazimika kuutambua wa zamani na mpya kwa pamoja. Ndiyo maana mimi huandika mipangilio yote kwa anwani za mtindo wa `pkcs11:token=malipo;object=saini`, ambazo zimewekewa kiwango katika RFC 7512, na huyatumia majina hayo hayo ninapoanzisha kifaa kipya. Programu zinazozielewa anwani hizo, kuanzia GnuTLS hadi OpenSSL yenye kiunganishi cha PKCS#11, hazihitaji kuguswa katika msimbo wake. Hubadilishwa njia ya moduli na PIN, kisha hujaribiwa kwa `p11tool --list-tokens` kabla ya kuwashwa.